Siku ya Kufuta Picha

Binti yangu anafunga kamera msituni. Watu wakimwuliza kazi yake hujibu hivyo hivyo, kwa maneno machache, kisha hunyamaza, na mwenye hamu ya kujua zaidi hugeuka kunitazama mimi mama yake. Nimeeleza dukani, nimeeleza zahanati, nimeeleza kwenye foleni ya bomba. Kila mtu huondoka na lake na kulitia chumvi njiani. Ndiyo maana nimeona niandike, ili anayetaka kusema asome kwanza.

Kamera zenyewe ni visanduku vya rangi ya majani makavu, kila kimoja kama nusu ya tofali. Hufungwa kwa mkanda kwenye shina la mti, kando ya njia anapopita mnyama, zikaachwa huko peke yake. Chenye joto la mwili kikipita mbele yake, kamera huamka, ikapiga picha tatu mfululizo, ikalala tena. Baada ya majuma kadhaa binti yangu hurudi, hutoa kadi, hubadilisha betri, na kuleta kadi ofisini mjini. Huko ndiko wanakojua chui waliobaki ni wangapi na nguruwe pori wamehamia upande gani. Chui hawachanganywi, kwa sababu madoa ya mmoja hayafanani na ya mwingine, kama alama za vidole vyetu.

Alikuwa mtoto wa kuniweka roho juu tangu mdogo. Si kwa utundu. Mtoto mtundu unamsikia alipo. Huyu nilikuwa namwita mpaka koo linakauka, kisha namkuta amechuchumaa nyuma ya choo anatazama siafu wakihamisha mayai.

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia, Mama."

"Sasa mbona huitiki?"

"Ningeitika wangetawanyika."

Nilimchapa siku hiyo, si kwa hasira bali kwa woga, maana siafu si kitu cha kuchezea. Alilia kidogo tu, huku akigeuka kuangalia kama wametawanyika.

Baba yake alifariki binti yangu akiwa bado hajaanza shule. Aliyeshika nafasi hiyo ni kaka yangu mkubwa, fundi seremala, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kana kwamba hakuna fundi mwingine. Nyumba yake ipo karibu na yetu, unatoka mlango wa nyuma unapita kwenye migomba unaingia kwake. Ndiye aliyempeleka binti yangu shule siku ya kwanza, akiwa amembeba begani na msumeno mkono wa pili. Ndiye aliyemtengenezea kiti chake kidogo na kumfundisha kupima ubao. Mke wake, wifi yangu, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye hatua ndefu. Hakujua kutembea taratibu hata akiwa anaenda kumsalimia mgonjwa. Walimwita Bi Haraka, na yeye aliitika bila kusimama.

Binti yangu alipomaliza sekondari, alama hazikutosha kuendelea. Akaenda kujifunza cherehani kwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi. Nilifurahi. Mtoto aliyekaa nyuma ya cherehani unajua yupo wapi.

Ndipo watu wa kamera walipokuja. Walikuwa na mtafiti wao, mtu mpole mwenye miwani, na gari na dereva. Walifunga kamera kwenye njia za msitu, na njia za msitu ndizo njia zetu. Kina mama wa hapa wana ruhusa ya kuokota kuni kavu. Kamera haijui kuni wala chui. Chochote chenye joto inakipiga. Mwanzoni hakuna aliyejali. Kisha dereva, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akaichukua picha moja na kuiweka kwenye simu yake, akaenda kuionyesha kwenye kibanda cha chai. Ilikuwa picha ya mwanamke wa mtaa wetu, na pembeni yake mwanamume amembebea mzigo wa kuni. Kabla jua halijazama picha ilikuwa imemfikia mumewe. Yule mwanamume alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, walikutana njiani akamwonea huruma. Lakini mume hakuuliza kwanza. Mwanamke alilazwa, na mpaka leo mkono wake wa kushoto haunyooki.

Kesho yake kina mama waliingia msituni na mawe. Kamera zilizokuwa karibu zilivunjwa zote.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mtafiti aliomba radhi, akasema dereva ameshafukuzwa. Watu waliguna. Ndipo wifi yangu akasimama. Hakuwa mtu wa mikutano. Nadhani hata kaka yangu alishtuka.

"Mimi sipendi kupigwa picha," alisema. "Hata kwenye harusi yangu nilijificha nyuma ya kabati. Hilo ni langu. Lakini hawa wenzangu pia hawakuombwa. Nyie hesabuni wanyama wenu. Picha ya mtu isikae kwenu. Asipewe mkubwa wa kijiji, asipewe askari, asipewe mume."

"Hata mume?" mtu akauliza kutoka nyuma, na wanaume wakacheka.

"Hata mume. Tena mume ndiye wa kwanza kunyimwa. Mwenye picha aje mwenyewe, aione, aifute kwa kidole chake. Asipoweza kuja, aitwe ndugu yake wa karibu aje kufuta mbele yetu. Na anayezitunza mpaka siku hiyo awe mtoto wa hapa, ambaye tunajua mama yake analala wapi."

Wakauliza ni nani. Yeye akamnyooshea kidole binti yangu, aliyekuwa amesimama dirishani na uzi wa cherehani umemng'ang'ania kwenye sketi.

"Huyo. Hajui kusema, na hiyo ndiyo sifa."

Ndivyo mwanangu alivyotoka kwenye cherehani na kuingia msituni, na ndivyo mimi nilivyoanza kukaa kwenye ngazi za nyuma kila siku ya safari, nikisikiliza gari.

Kazi yake niliianza kuielewa siku nilipomkuta uani anatambaa. Mtu mzima, kwa magoti na viganja, anapita mbele ya pipa la maji, anarudi, anapita tena. Nikadhani amepatwa na kifafa.

"Mama, nipishe. Najaribu kamera."

Alikuwa ameifunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo, usawa wa goti, kwa sababu chui hana kimo cha mtu. Kila anapoifunga msituni ni lazima atambae mbele yake kama mnyama, ili ajue kama itamwona. Akitembea wima, kamera inaweza kumwona yeye na isimwone paa. Jirani yetu aliyekuwa anachungulia juu ya ua akapiga kelele: "Mama Chui huyo! Leo mumeo umemkuta wapi?" Tangu hapo jina likamganda. Wavulana wa stendi humwitia kwa mbali, naye hupita tu. Mimi ndiye ninayegeuka kuwatazama mpaka wanyamaze.

Ofisi yao ni nyumba ya kupanga nyuma ya duka la vipuri. Sebule ndiyo chumba cha kompyuta. Jikoni wanachajia betri, zimepangwa juu ya sinki lisilo na maji. Binti yangu anakaa kwenye meza ya karibu na dirisha, mgongo kwa ukuta, skrini imegeuzwa ili mpita njia asione. Siku nyingi kazi ni kutazama majani yaliyotikiswa na upepo wa joto, picha baada ya picha, mpaka macho yawashe. Humo katikati ya majani ndimo anamopatikana mnyama, na wakati mwingine mtu. Picha ya mtu huiweka pembeni, mahali penye neno la siri analolijua yeye peke yake. Hata mtafiti halijui.

Mwisho wa mwezi ndiyo siku ya kufuta. Kina mama huja na kukaa kwenye mabenchi kama wanangoja daktari, ila vicheko ni vingi zaidi. Kwa kuwa kamera ipo usawa wa goti, picha nyingi hazina nyuso. Ni nyayo, pindo za nguo, ncha ya kuni inayoburuta.

"Hii si mimi," mmoja atasema. "Mimi sina visigino vibaya hivi."

"Ni wewe. Nguo hiyo umeivaa sasa hivi."

"Nguo ni yangu. Visigino vya jirani."

Kisha anabonyeza, picha inapotea, anasimama akiwa mwepesi. Wifi yangu hakukosa hata mwezi mmoja. Hakutazama. Alisema, "Nionyeshe pa kubonyeza," akabonyeza, akaondoka huku bado anaongea na mtu aliyemwacha nyuma.

Mwaka jana kaka yangu alipata kazi ya kuezeka shule, mbali, safari ya siku nzima ukiwa na bahati. Mvua zilianza mapema. Wifi yangu akashikwa na homa. Tulidhani ni ile homa ya kila mtu. Alikuwa bado anafagia uwanja asubuhi. Ikapanda ghafla. Tulimpeleka hospitali, na hatukurudi naye. Daraja lilikuwa limesombwa, simu ya kaka haikupatikana, na alipofika, akiwa na tope mpaka mapajani, tulikuwa tumeshamzika.

Sitasahau alivyosimama sebuleni kwake na begi la zana bado lipo begani.

"Alikuwaje?" aliniuliza.

"Alikuwa kama amelala, kaka."

"Kila mtu ananiambia kama amelala. Mke wangu nimemwona amelala. Akilala anakunja uso kama anagombana na mtu. Alikuwa hivyo?"

 Uso wa wifi yangu ulikuwa umetulia, na niliogopa kumwambia.

Picha ya wifi yangu haikuwepo. Alijificha nyuma ya watu maisha yake yote. Ipo ile ya kitambulisho, ndogo, imefifia, na mhuri umepita juu ya kidevu. Kaka aliitazama, akairudisha kwenye droo, akasema huyo ni mwanamke mwingine.

Siku moja baada ya msiba, binti yangu alirudi kutoka ofisini akakaa mbele ya chakula bila kukigusa. Mimi namjua mtoto wangu kwa mikono. Akiwa na jambo, kidole gumba hukisugua kingine.

"Nani amekukosea?"

"Hakuna."

"Mmekutana na nyoka?"

"Hapana, Mama."

Nikamwacha, nikaosha vyombo vyote vilivyokuwa safi. Mwisho akasema, "Kadi ya kamera ya mtoni ina mtu."

Sikuuliza ni nani. Namna alivyolitamka neno "mtu" nilijua. Picha ilikuwa imepigwa wiki ile ya mwanzo wa mvua, siku chache kabla ya homa.

Nilitaka jambo hilo akae nalo, lakini kanuni ilisema aitwe ndugu wa karibu, na ndugu wa karibu ni mume. Akajifuta uso, akapita kwenye migomba, akaenda kumwambia mjomba wake. Mimi nilibaki mlangoni. Nilisikia randa ikisimama.  Kisha sauti ya kaka yangu, ya chini: "Nipe, mpwa wangu." Na ya binti yangu, ya chini zaidi: "Utaiona siku ya kufuta, mjomba. Utaiona utakavyo. Lakini siwezi kukupa."

Kesho yake kaka alikuja kwangu. Nikamvutia kiti.

"Sikai. Nijibu tu. Yule ni wewe uliyemzaa?"

"Kaka, kaa kwanza."

"Nijibu."

"Ni mimi."

"Basi kamwambie. Siombi picha ya mke wa mtu. Naomba ya kwangu. Chui mmoja ana picha kibao mle ofisini, wamempa na namba, kila akipita wanashangilia. Nungunungu anatunzwa. Fisi anatunzwa! Mke wangu ndiye wa kufutwa?"

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliendelea kuishika mpaka alipoondoka.

Nikamfuata binti yangu bombani, alikokuwa anaosha mabuti ya msituni. Nilisema yote niliyoweza kusema. Nilimkumbusha bega lililompeleka shule. Nilimwambia mjomba wake hali chakula, anatengeneza meza halafu anaibomoa, nimeona kwa macho yangu. Nilimwambia hakuna atakayejua.

Aliendelea kusugua buti.

"Mama, unakumbuka nani alisimama darasani siku ile?"

"Nakumbuka."

"Alisema hata mume?"

"Alisema. Lakini amekufa, mwanangu."

"Ndiyo. Angekuwa hai ningemwomba abadilishe neno lake. Sasa namwomba nani?"

Akainama tena kwenye buti, na nikaona maji yanayodondoka si ya bomba tu.  Niliona kwamba mmoja kati ya hawa wawili nitampoteza, na sikujua nimwombee yupi.

Alimwuliza pia mtafiti. Yule mtu alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Kanuni hii si yangu," alisema. "Ni yenu. Mimi nikisema mpe, nitakuwa nimefanya kama dereva." Nilimchukia siku hiyo. Baadaye niliona hakuwa na jingine la kusema.

Siku ya kufuta ilipofika nilienda, ingawa sikuwa na picha. Kaka yangu alikuja amenyoa, amevaa shati alilovaa kwenye harusi ya mtoto wa jirani. Hakuketi kwenye benchi. Alisimama katikati ya sebule ile, kofia mkononi, akawageukia wanawake.

"Kina mama, naomba. Mnanijua. Milango yenu mingine nimeitengeneza mimi. Picha ya marehemu niondoke nayo. Sitaionyesha kwa mtu."

 Nje mtu alikuwa anagonga bomba la moshi la gari. Kisha yule mwanamke wa mkono usionyooka, ambaye hukaa karibu na mlango kila mara, akasema bila kuinua macho:

"Fundi, mimi sina ubaya na wewe. Mkeo ndiye aliyenipikia uji nilipotoka hospitali. Lakini ikitoka moja kupitia mlangoni, ya pili itapitia dirishani. Na mimi bado naenda kuni."

Kaka yangu alitikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyepima ubao akakuta ni mfupi kweli. Akaketi mbele ya skrini. Binti yangu akaingiza neno lake la siri.

Ya kwanza ilikuwa miguu. Kandambili za bluu, pindo la nguo limeloa, hatua ndefu. Ukiona tu hatua unajua ni nani. Wanawake wakashusha pumzi.

Ya pili alikuwa amesimama. Mkanda wa kandambili ulikuwa umechomoka, akainama kuurudisha, na alipoinama uso wake ulishuka mpaka usawa wa kamera. Ulikuwepo wote, wa upande, karibu kama mtu aliyekaa na wewe mezani. Uso ulikuwa umekunjwa. Ncha ya ulimi imebanwa kati ya meno, kama alivyofanya kila alipotunga uzi au kufungua kifuniko kigumu.

Kaka yangu akatoa sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kilio. Alikuwa anacheka.

"Ulimi huo," alisema. "Tazama ulimi huo. Na kandambili hizo nilimwambia azitupe."

Hakuna aliyemharakisha. Waliokuwa na picha zao za kufuta walikaa. Muuza mkaa, mwanamke wa mwili mkubwa mwenye sauti ya kuita upande wa pili wa barabara, alikuwa amefunga macho kama mtu anayesikiliza redio. Ya tatu ilikuwa mgongo unaoondoka, na kichaka. Kaka akaomba arudishiwe ya pili.

"Sasa nabonyeza wapi?"

Binti yangu akamwonyesha. Kaka akanyoosha kidole, kidole kile kipana kilichokatwa ncha na msumeno. Kikakaa juu ya kitufe. Kikakaa. Kisha akakirudisha mfukoni, akasimama, akasema, "Fanyeni mnavyotaka," akatoka, kofia yake akaiacha mezani.

Binti yangu alitazama skrini, akatutazama sisi. Mkono wake ukasogea.

"Usiguse," muuza mkaa akasema bado macho amefumba. "Kanuni inasema ndugu ndiye anayebonyeza. Ndugu hajabonyeza."

"Na asiporudi?"

"Ataifuata kofia."

"Na akikaa mwaka mzima bila kubonyeza?"

"Kanuni ilitaja mwaka?" Akafumbua macho, akawatazama wenzake benchi zima. Yule wa mlangoni aliinua mkono wake mzima kidogo, kama anayesema sawa. "Basi. Nani anafuata? Mimi jua limenikuta hapa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila siku ya kufuta kaka yangu alikuja. Alikaa mwisho wa benchi, akangoja wote wamalize, akaketi mbele ya skrini, akaitazama ile ya pili, akaondoka bila kubonyeza. Na binti yangu aliifunga kwa neno lake la siri mpaka mwezi mwingine. Walisalimiana, "Shikamoo mjomba," "Marahaba," basi. Kwenye migomba kaka hakupita tena. Alikuwa na kinyongo, na sikumlaumu, na sikumlaumu binti yangu pia, nikabaki katikati kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Mtaani walisema mengi. Wapo waliosema Mama Chui amemfungia mjomba wake mke kwenye kompyuta. Binti yangu alisikia. Alikonda. Siku za safari alikwenda msituni kama kawaida, akafunga kamera, akatambaa mbele yake, akarudi na majani kwenye nywele, nami nikamtoa majani hayo bila kumwuliza kitu.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, siku ya kufuta ilikuwa na watu wachache. Nilikuwepo kwa sababu nilimpelekea binti yangu mwavuli. Muuza mkaa alikuwa na picha moja ya miguu yake, aliifuta akabaki akingoja mvua ipungue. Mwanamke wa mlangoni alikuwa mahali pake, na wengine wawili watatu walikuwa wametangulia kufika lakini walikuwa na mazungumzo yao, wakamwambia Fundi aanze yeye.

Akaketi. Ile ya pili ikatokea. Aliitazama kwa karibu, akasogeza kiti nyuma, akaitazama kwa mbali, kama anavyofanya na mlango aliomaliza kuutia msasa.

"Amekaa hivi tangu mvua za mwaka jana?" aliuliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Ameinama muda mrefu."

Kaka akasogea tena karibu na skrini.

"Mgongo wake haukuwa mzuri. Alikuwa hasemi, lakini jioni nilikuwa namwona anavyojinyoosha ukutani." Akapitisha kiganja kwenye ukingo wa meza, kutoka pembe hii hadi ile. "Mimi nakuja, nakaa kwenye kiti, namtazama, naenda kula. Yeye nimemwacha hapo hapo, mvuani, na kandambili yake. Sasa huko ndiko kumpenda?"

"Mjomba, hakuna anayekuharakisha."

"Najua, mama. Hata mara moja hamkuniharakisha." Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwita mama, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. "Nionyeshe."

Pa kubonyeza alipajua, alikuwa amepatazama miezi yote ile. Binti yangu akamwonyesha hata hivyo, kidole kikiwa juu kidogo ya kitufe bila kukigusa. Kaka akaanza na ile ya mgongo unaoondoka. Kisha ile ya miguu. Kwenye ile ya uso alisubiri. Muuza mkaa alikuwa amesimama, na mimi pia, sijui nilisimama lini.

"Haya, nyanyuka," kaka yangu akasema. "Nenda nyumbani."

Akabonyeza.

Kompyuta ikaleta picha iliyofuata kwenye kadi ile: njia ya mtoni, tope, jani pana limepinda kwa mvua. Hakukuwa na mtu.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, mjomba."

Alisimama, akakisukuma kiti mpaka kikaingia vizuri chini ya meza, akawaaga kina mama mmoja mmoja, akatoka kwenye mvua akitembea taratibu. Binti yangu aliitazama ile njia kwa muda, viganja viwili juu ya mapaja. Nilitaka kwenda kumshika bega, lakini mwanamke wa mlangoni alinitazama, nikakaa. Kisha binti yangu akasafisha koo, akamwita aliyefuata.